Dhahabu, jiwe au saa? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kabla ya kumnunulia mwenzio zawadi ya bei mbaya

Haya maswali yanakuja sana, hasa ikikaribia Idi, Krismasi, ile tarehe 14 Februari na msimu wa harusi, kwa hiyo nimeyaweka pamoja. Msimamo wangu niuseme mapema: huku kwetu zawadi ya aina hii ni pambo na ni akiba yake pia, kwa hiyo kila jibu hapo chini naliangalia kwa vitu viwili, je atakivaa, na je siku akibanwa kinaweza kumtoa. Jina la brandi linakuja mwishoni kabisa.

Nianzie wapi, Kariakoo au Dubai?

Anzia kwake. Yani kaa wiki mbili umwangalie tu. Anavaa rangi ya njano au nyeupe? Hereni ndogo za kubana sikio au zile za kuning'inia? Kama ni nesi, pete yenye jiwe lililosimama itamchania glavu kila siku na mwisho ataiacha nyumbani. Kama anakanda unga au anasuka watu nywele, bangili nyembamba iliyobana ni bora kuliko ile pana yenye nakshi zinazoshika uchafu. Kuna wanawake hawavai saa kabisa, simu inatosha, sasa wewe unamletea saa ya milioni nne kwa sababu imekuvutia WEWE, hapo umejinunulia. Ukikwama muulize dada yake au shoga yake wa karibu. Mawifi usiwaulize, siri itafika kabla ya zawadi.

Ni kweli pete ya uchumba inatakiwa iwe ya mishahara miwili au mitatu?

Hapana. Hiyo sheria imetoka kwenye matangazo ya De Beers, kampuni ya almasi, yani muuzaji ndo kakupangia ununue cha bei gani. Toa hela ambayo ikitoka kodi ya nyumba haiyumbi. Na tafadhali usikope kwa ajili ya pete, mkopo wenyewe mtaulipa wote wawili.

Karati ni nini hasa, maana kila duka linasema lake?

Kwenye dhahabu karati ni usafi. 24 ni dhahabu tupu, laini sana, inapinda, inafaa kwa sarafu na vipande vya akiba kuliko pete. 22 ni asilimia 91.6, utaona imepigwa muhuri 916. 21 ni 875, 18 ni 750, 14 ni 585, na 9 ni 375, maana yake kwenye karati 9 zaidi ya nusu ya hicho kitu siyo dhahabu. Kwenye jiwe karati ni uzito, karati moja ni gramu 0.2, hapo usichanganye.

Mimi naona 21 au 22 kwa mkufu na bangili kama lengo ni akiba, na 18 kwa pete yenye jiwe kwa sababu vile vikucha vinavyoshika jiwe vinahitaji ugumu. Wanawake wengi wa pwani ukiwapa karati 9 wataijua kwa rangi tu kabla hujamaliza kusema "mpenzi".

Nitajuaje kama bei ni halali?

Hili ndo swali ambalo watu wanaona aibu kuliuliza dukani na ndo linawapiga. Dhahabu ni hesabu. Tafuta bei ya gramu ya karati 24 siku hiyohiyo, iko kwenye intaneti kwa wakia, wakia moja ni gramu 31.1, gawanya alafu badili kwa shilingi. Tuseme umepata laki 3 kwa gramu (ni mfano, bei inacheza kila siku). Karati 21 zidisha kwa 0.875 unapata 262,500. Mkufu wa gramu 10 basi dhahabu yake ni 2,625,000. Sonara akikwambia 3,400,000 ujue ile 775,000 ya juu ni ufundi na faida yake, na hapo ndo pa kubishana, kwenye dhahabu yenyewe hawezi kukupunguzia. Mkufu uliosokotwa kwa mkono una ufundi mwingi kweli, mlipe mtu kazi yake. Ila bangili laini ya mashine yenye ufundi sawa na huo, ondoka.

Mwambie apime mbele yako kwenye mizani na uone namba inarudi sifuri kabla hajaweka. Kama kuna jiwe uliza uzito bila jiwe, maana jiwe la kioo likipimwa pamoja unalinunua kwa bei ya dhahabu. Wazee na watu wa Dubai watakutajia tola, hiyo ni gramu 11.66.

Na siku ya kuuza, ufundi haurudi. Anarudishiwa dhahabu tu, tena sonara anakata kidogo. Ndo maana nasema kama unataka kimtoe siku ya shida, tafuta kitu kizito chenye dizaini rahisi.

Sumaku inaweza kunionyesha dhahabu feki?

Inaweza kukuonyesha feki ya chuma tu. Shaba haishikwi na sumaku, fedha haishikwi, kwa hiyo kitu cha shaba kilichochovywa dhahabu kinapita mtihani wako vizuri kabisa. Muhuri nao unapigwa na mtu yeyote mwenye nyundo. Kipimo cha kawaida cha sonara ni kukwaruza kwenye jiwe jeusi na kudondosha asidi, na maduka makubwa wana mashine ya kusoma madini bila kukikata. Nunua duka moja, kapime duka jingine kabla hujafika nyumbani. Muuzaji akikasirika ukimwambia hivo, umeshapata jibu. Na cha kuchovya siyo dhambi kukinunua, ila mwambie mwenzio kuwa ni cha kuchovya, usimwache akaenda kujifunza ukweli kwa sonara mbele ya watu.

Kuna mtu anakwenda Dubai, nimwagize?

Deira, kwenye soko la dhahabu la Dubai, kuna uchaguzi mkubwa na bei ya gramu imebandikwa ukutani, unaongea bei ya ufundi tu. Utakuta karati 22 nyingi ni dizaini za Kihindi, 21 za Kiarabu, 18 za Kiitaliano. Wenye ndugu Muscat wanaagiza soko la Mutrah, kule hata kazi za fedha ni nzuri sana. Lakini piga hesabu yote, kuna kodi ya huko, kuna forodha ya hapa ambayo lazima utangaze ukiingia, na kuna ukweli kwamba kifungio kikikatika miezi sita baadaye huendi Deira, unaenda kwa sonara wa mtaani kwako. Sonara wa karibu anayekujua ana thamani ambayo haimo kwenye risiti. Na mtu wa kumwagiza awe ndugu, na aje na risiti yenye uzito na karati.

Dhahabu nyeupe mbona inageuka njano?

Kwa sababu ndani ni ya njano kidogo na juu imepakwa rodiamu, madini meupe yanayong'aa. Ikilika inapakwa tena, ni kawaida, siyo kwamba umeibiwa. Ila uliza kama hapo ulipo kuna anayefanya hiyo kazi, maana mafundi siyo wote. Na kama ngozi yake inawashwa na hereni za bei rahisi, uliza kama kuna nikeli ndani kabla ya kulipa.

Nataka tanzanite, ni ya kwetu na ni nzuri. Kuna ubaya?

Hamna ubaya, tena mimi naipenda kuliko mawe mengi, ila ijue tabia yake. Inatoka Mererani, Simanjiro, mkoani Manyara, haichimbwi kibiashara mahali pengine popote duniani. Iligunduliwa 1967, na jina tanzanite ilipewa na Tiffany, duka la vito la New York, mwaka 1968 walipoanza kuiuza. Mawe mengi yanatoka ardhini yakiwa na rangi ya kahawia kahawia, yanapashwa moto kwenye nyuzi kama 500 au 600 ndo yanakuwa bluu, hiyo inakubalika dunia nzima wala siyo utapeli. Ukiigeuza kwenye mwanga inatoa bluu, zambarau, saa nyingine wekundu kwa mbali, jiwe linalokaa bluu ileile kila upande ukiligeuza lishuku.

Tatizo lake ni ulaini. Ugumu wake, kwenye kile kipimo cha Mohs kinachoishia 10, ni kama 6.5, na mchanga wa kawaida uliomo kwenye vumbi una 7, kwa hiyo pete ya tanzanite inayovaliwa kila siku Dar au Dodoma vumbi lenyewe tu linaichubua. Almasi ni 10, yakuti na rubi ni 9. Ndo maana tanzanite mnunulie hereni au kidani, sehemu ambazo hazigongi meza. Kama lazima iwe pete, jiwe lizungushiwe ukingo wa dhahabu pembeni na iwe pete ya kutokea. Isioshwe kwenye ile mashine ya mtetemo ya kusafishia vito, maji ya vuguvugu na sabuni yanatosha. Na pete ikipelekwa kuongezwa saizi mwambie sonara atoe jiwe kwanza, moto ukilifikia linapasuka.

Kwenye akiba niwe mkweli, jiwe dogo la tanzanite ukirudi kuliuza utapewa bei ya kukuumiza roho. Watu wanataja yule mchimbaji Saniniu Laizer aliyepata bilioni 7.7 mwaka 2020, sawa, lakini yeye alikuwa na mawe mawili ya kilo 9 na kilo 5, wewe una karati moja na nusu. Mpe kwa uzuri wake na kwa kuwa ni ya nyumbani. Nunua kwa mwenye leseni na udai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, na kama mwenzio anaishi nje uliza kibali cha kusafirisha madini kabla hamjafika kiwanja cha ndege.

Anayependa kijani aangalie savoraiti, inatoka pande za Tsavo Kenya na kwetu pia, ni ngumu kidogo kuliko tanzanite na kwa kawaida haipashwi moto.

Almasi ya maabara ni feki?

Siyo feki, ni almasi kabisa, kaboni ileile, ugumu uleule, imekuzwa kwenye mashine tu. Ni rahisi mara nyingi kuliko ya ardhini, na kwenye kuuza tena karibu hairudishi kitu. Kwa mtu anayetaka jiwe kubwa linalowaka na hana mpango wa kuliuza, ni chaguo zuri tu, mradi aliyeuziwa ameambiwa. Moissanite ni jiwe jingine kabisa, linang'aa kwa rangi za upinde wa mvua kupita almasi, na ile kalamu ya kupimia almasi kwa joto inadanganyika nayo.

Jiwe la maana lije na cheti, cha GIA kwa mfano, ile taasisi ya Marekani inayopima mawe, mara nyingi namba yake inakuwa imechorwa kwa leza ukingoni mwa jiwe, unaiangalia kwa lenzi na unaihakiki kwenye tovuti yao. Kati ya vigezo vyote vya kuchagua almasi mimi naweka ukataji juu. Jiwe dogo lililokatwa vizuri linawaka kuliko kubwa lililokatwa ovyo, na hakuna shangazi kwenye harusi atakayelikagua kwa lenzi.

Na usinunue jiwe tupu ukasema pete itafuata. Almasi ya pinki ya Mwadui, karati 54.5, alipewa Princess Elizabeth wa Uingereza kama zawadi ya harusi mwaka 1947, ikaja kuwekwa kwenye bruchi, pambo la kubandika kwenye nguo, na Cartier mwaka 1953. Kama kwa binti wa mfalme ilichukua miaka yote hiyo, wewe na fundi wako si itakuwa balaa.

Nitapataje saizi ya kidole bila yeye kujua?

Chukua pete anayoivaa kidole HICHOHICHO, kidole cha mkono wa kulia kinaweza kuwa kikubwa kuliko cha kushoto. Pima upana wa ndani kwa rula kwa milimita. Mfano 16.5 ni saizi 6 ya Marekani, 17.3 ni saizi 7. Vidole vinavimba kwenye joto na vinasinyaa kwenye baridi, aliyepimwa Arusha mwezi wa saba akija Tanga mwezi wa pili pete inagoma, na mjamzito usimpime kabisa subiri. Ukiwa njia panda chagua kubwa kidogo, kupunguza ni kazi rahisi. Pete iliyojaa mawe mzunguko mzima haibadilishwi saizi, hiyo usiibahatishe.

Mume wangu Muislamu, naweza kumpa saa au pete ya dhahabu?

Kwa wanazuoni walio wengi dhahabu kwa mwanamume hairuhusiwi, kwa hiyo pete yake iwe ya fedha, na saa iwe ya chuma cha pua au titani. Ile saa ya chuma iliyochanganywa na dhahabu katikati ya mkanda nayo iepuke, na kama ni rangi tu ya dhahabu muulize sheikh wake kwanza, wengine hawaipendi hata hiyo. Dada zangu wengi mnafika dukani mnavutiwa na ile ya njano, alafu baba wa watu anaikunja kwenye kabati miaka kumi kwa kuogopa kukuudhi.

Saa ya betri au otomatiki?

Otomatiki haina betri, inajijaza kwa mkono ukitembea. Ukiivua inaendelea kama siku mbili, nyingine siku tatu, alafu inasimama na inabidi kuiseti upya. Inakosea sekunde kadhaa kwa siku, hiyo siyo ubovu. Ya betri, yani kwatsi, ambayo Seiko ndo waliingiza sokoni ya kwanza ya mkononi mwaka 1969, inakuwa sahihi zaidi, inadai betri kila miaka miwili mitatu na basi.

Sasa angalia mtu wako. Anayependa vyombo, anayefungua redio kuona ndani kuna nini, mpe otomatiki. Anayetaka kutupia tu mkononi akimbilie daladala, mpe kwatsi nzuri na hata Cartier wanatengeneza saa za kwatsi kwa hiyo siyo umaskini. Otomatiki inadai servisi kila baada ya miaka mitano mpaka kumi, na servisi ya saa ya kifahari inaweza kufika bei ya saa nyingine nzima, kwa hiyo uliza kabla, fundi yuko wapi, Dar, Nairobi, au inapelekwa nje? Isikae juu ya spika, sumaku inaifanya ikimbie mbele, ingawa fundi mwenye kifaa anaitoa hiyo sumaku kwa dakika chache. Na otomatiki nyingi zenye tarehe usizibadilishe tarehe kati ya saa tatu usiku na saa tisa usiku, meno ya ndani yanakuwa yameshikana.

Kingine, "mita 30" ya kwenye saa siyo ya kuogelea, hiyo ni mvua na kunawa mikono. Kuogelea anzia 100. Mtu wa pwani anayezama baharini 200.

Saizi ya saa je?

Miguu ya saa, pale mkanda unapoanzia juu na chini, isitoke nje ya mkono. Basi. Wanaume wengi 38 mpaka 41 milimita inakaa vizuri, wanawake zamani walikuwa wanauziwa 26 saivi wengi wanavaa mpaka 36.

Nimeletewa Rolex kwa laki tano, ni orijino?

Kwa laki tano Rolex utakayopata orijino ni ile ya Uganda, chapati na mayai.

Sasa siriasi. Watu wanasema angalia mshale wa sekunde kama unateleza, lakini kopi za siku hizi nazo ni otomatiki na zinateleza vilevile. Mfuniko wa nyuma wa kioo ni dalili mbaya, Rolex karibu zote nyuma ni chuma kitupu, zile chache za kioo ni za bei ambayo hazitembezwi kwenye bahasha. Boksi, kadi, vitambulisho, vyote vinatengenezwa. Kinachobaki ni muuzaji na kufunguliwa na fundi anayejua. Mpya inunue kwa wakala aliyeidhinishwa, inakuja na waranti ya miaka mitano, ila modeli nyingine kuna foleni ya kusubiri kwa hiyo usipange sapraizi ya mwezi ujao. Kama bajeti haifiki huko, Tissot, Longines au Seiko orijino yenye risiti inavaliwa kwa raha kuliko kopi ambayo mwenzio ataenda nayo kwenye kikao cha kazi na mtu mmoja mezani akaijua.

Na usitegemee saa iwe akiba. Modeli chache za majina machache zinashika bei, zilizobaki zinashuka siku ileile unapotoka mlangoni.

Tukiachana, naweza kudai zawadi yangu?

Kwa walio kwenye ndoa Tanzania, Sheria ya Ndoa ya 1971 inachukulia kuwa mali uliyompa mwenzio ni yake moja kwa moja, mpaka wewe uthibitishe vinginevyo. Wachumba ambao ndoa haijafungwa ni tofauti, sheria hiyohiyo inaruhusu kudai zawadi kama mahakama itaridhika kuwa uliitoa kwa sharti la kuoana. Dhahabu ya mahari ni habari nyingine, kwa Waislamu mahari ni haki ya mwanamke mwenyewe, usije ukanunua bangili ukaihesabu mara mbili, leo zawadi kesho mahari. Ukiona kabla hata ya kununua unawaza namna ya kuirudisha, nunua tu maua.

Akisema haipendi?

Ongea na sonara kabla hujalipa, wengi wanakubali kubadilisha ndani ya siku chache kwa uzito uleule na unaongeza ufundi wa kitu kipya. Iandikwe kwenye risiti, maneno ya dukani yanasahaulika. Risiti hiyo mpe yeye pamoja na boksi, ndo karatasi atakayoihitaji siku ya kubadilisha, kuuza au polisi ikiibiwa. Kitu kilichochorwa jina hakirudi, kwa hiyo jina lisubiri mpaka umeona amekivaa, alafu nendeni wote wawili wakamchoree.